Je, Wajua? Namba ya Ndugu wa Tanzania Bila 255 Haiiti Ukipiga Kutoka Remba

Remba, kisiwa kidogo cha miamba cha Homa Bay katika Ziwa Viktoria, kina wavuvi na wachuuzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, wengi wakiwa mbali na kwao. Mtu akizama au akiugua ghafla, mwenzake wa mtumbwi huenda anamjua kwa jina la utani tu.

Kwa hiyo andika kadi: jina kamili, kijiji, na namba mbili za jamaa zikianza na msimbo wa nchi: +254 Kenya, +255 Tanzania, +256 Uganda. Bila msimbo huo, simu ya Kenya haimfikii ndugu aliye Musoma.

Kisha ugonjwa. Kisukari, kifafa, pumu, dawa unazomeza, na hasa dawa inayokudhuru. Kundi la damu si la lazima sana; hospitali huipima damu upya kabla ya kumwongezea mgonjwa.

Simu nyingi za kisasa zinaweza kuonyesha taarifa hizi hata skrini ikiwa imefungwa, ukiwa umezijaza, lakini simu iliyolowa haisemi kitu. Kadi ifungwe kwenye plastiki, ikae mwilini.

Meli ya Tanzania, MV Bukoba, ilipozama katika ziwa hilihili tarehe 21 Mei 1996, hapakuwa na orodha kamili ya abiria. Miili mingi ilizikwa Igoma, Mwanza, na zipo familia ambazo hazikupata kujua ndugu yao amelala kaburi gani.

Nchini Kenya, msaada wa dharura hupigiwa 999 au 112. Msalaba Mwekundu ni 1199.