CRP: damu inasema kuna moto, haisemi uko nyumba gani

Hapa Kasha, mu komini ya Bagira, kuna familia ambazo baba ama kijana anaishi mbali, kwenye mashimo ya Kamituga, Walungu ama Kalehe. Akirudi na homa na kikohozi, anapelekwa hopitali, na kwenye karatasi ya labo munaweza kukuta herufi tatu: CRP. Watu wanauliza ni ugonjwa gani huo. Tunajibu: si ugonjwa.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Mwili ukishambuliwa na mikrobi ama ukiumia sana, ini linaitoa kwa wingi. Ndani ya saa 6 mpaka 8 inaanza kupanda, na kisha siku mbili inafika juu kabisa. Tillett na Francis, wataalamu wa Marekani, njo waliitambua mu 1930, katika damu ya wagonjwa wa nimonia.

Ku labo, kuna vipimo vya namna mbali mbali. Kimoja kinatumia sahani yenye vishimo vidogo 96. Ndani ya kila kishimo wamebandika kingamwili, yaani askari anayekamata CRP peke yake. Wanatia maji ya damu, wanaosha, wanaongeza kingamwili ya pili yenye kuleta rangi. Rangi ikikolea, CRP ni mingi. Mashine inalinganisha ile rangi na vishimo ambavyo kiasi chake kinajulikana, inatoa namba. Kuna pia kipimo kidogo cha tone la damu ya kidole. Hicho kinajibu kwa dakika chache. Vifaa vya sahani vinataka frigo, kati ya digri 2 na 8. Kuraa ikikatika siku nzima na hakuna jenereta, namba inaweza kudanganya.

Labo nyingi zinahesabu chini ya 5 ama 10 miligramu kwa litre kuwa kawaida. Ikipanda, kuna moto ndani. Lakini inaweza kuwa nimonia, kidonda, malaria ama kifua kikuu. Hatari njo hii: mutu anaona namba kubwa, anakimbia farmasi kununua antibiotiki, anamaliza pakiti ya kwanza, ya pili, na kikohozi kiko palepale. Kumbe ni kifua kikuu, na usiku analala chumba kimoja na watoto.

Mchimbaji ana sababu zaidi ya kujihadhari. Vumbi la mawe likijaa mu mapafu, kifua kikuu kinaingia kwa urahisi. Mama twangaise wanaotwanga mawe wanavuta vumbi hilohilo. Mu 2021, OMS ilikubali CRP inayopita 5 itumike kuchuja wenye VIH wanaopaswa kutafutiwa kifua kikuu. Kuchuja tu: anayethibitisha ni makohozi, kwa mashine kama GeneXpert.

Na namba ndogo isiwadanganye. Ugonjwa wa vumbi unaweza kuharibu mapafu bila CRP kupanda. Huo unatafutwa kwa radio ya kifua.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kikohozi kikipita wiki mbili, ombeni kipimo cha makohozi, hata CRP iwe ngapi. Mwambieni munganga mapema kwamba munafanya kazi ya shimo ama ya kutwanga, na miaka mingapi. Dawa za kifua kikuu ni za bure mu programu ya taifa, na ugonjwa wa kawaida unatibiwa kwa miezi 6. Aliyezianza asiache katikati eti amepata nafuu, halafu arudi shimoni.