Mwanambuzi wa mtoto: Amana mbili ndani ya ua mmoja

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mvua zinapoishukia Kanda yetu ya Ziwa, za vuli kuanzia Oktoba na za masika kuanzia Machi, nyua za Igoma hujaa sauti za viumbe wachanga. Nyasi huchipua kati ya mawe makubwa, mbuzi huzaa, na kuku aliyeatamia kwa siku 21 hutoka na vifaranga nyuma yake. Igoma imo ndani ya Jiji la Mwanza, kandokando ya barabara iendayo Musoma, lakini wengi wa wakazi wake wametoka katika jamii za wafugaji, na walipoingia mjini hawakuiacha mifugo nyuma. Kwa hiyo si ajabu kukuta mbuzi na wanawe wawili nyuma ya nyumba, au ndama amefungwa hatua chache kutoka kibaraza ambapo watoto wanadurusu juzuu zao.

Katika nyua hizo hutamkwa maneno ambayo wazazi huyaona mepesi. Baba humwita mtoto, humwonyesha mwanambuzi aliyezaliwa usiku, na kumwambia kuwa huyo ni wake. Mtoto humpa jina. Atokapo shule humkatia majani, na mvua ikinyesha usiku huamka kuuliza kama banda linavuja. Miezi hupita, kisha hufika muhula wa ada, au mgeni mzito, au Idd. Mbuzi huuzwa au huchinjwa mtoto akiwa madrasa. Akirudi akaikuta kamba tupu na kulia, huambiwa kuwa mbuzi ni mbuzi tu, aache utoto.

Mada yetu ya leo ni hiyo. Anayelea mnyama mchanga nyumbani kwake amebeba amana mbili kwa pamoja: ya mnyama, na ya mtoto anayekabidhiwa kumlea. Dini yetu haikunyamaza juu ya yoyote kati ya hizo mbili.

Neema na chuo cha malezi

Katika Surat An-Nahl, aya ya 5 hadi ya 8, Allah (S.W.) ametaja manufaa ya wanyama wa kufugwa: joto tunalolipata kwao, chakula na kubeba mizigo. Kati ya manufaa hayo akataja jambo ambalo mfanyabiashara hawezi kulitia kwenye mizani, nalo ni uzuri wao wanaporejeshwa jioni na wanapopelekwa malishoni asubuhi. Mtoto anayesimama mlangoni akisubiri mbuzi warudi anaiona aya hiyo kwa macho yake.

Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba hapana Nabii aliyetumwa ila alichunga mbuzi na kondoo, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.) naye aliwachungia watu wa Makka kwa ujira mdogo. Imam Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 Hijria, ameeleza katika sherehe yake ya Bukhari kwamba hekima ya jambo hilo ni kuzoezwa subira na huruma, kwa kuwa wanyama hawa ni dhaifu, hutawanyika upesi, na huhitaji mlezi asiyechoka kuwakusanya. Basi banda la nyuma ya nyumba ni chuo. Lakini kila chuo kina walimu, na walimu wa chuo hiki ni sisi wazazi. Mtoto atajifunza huruma au ukatili kwa kadiri ya yale anayotuona tukiyatenda.

Haki ya kwanza ni maziwa

Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Sawada bin Rabi' (R.A.) kwamba alimwendea Mtume (S.A.W.) naye akaamuru apewe ngamia kadhaa. Kisha akamwagiza kwamba arudipo kwa watu wake awaamrishe kuwalisha vizuri watoto wa wanyama wao, na awaamrishe kukata kucha zao ili wasiumize viwele wanapokamua. Tazama, ndugu msomaji, jinsi Mtume wa walimwengu alivyojishughulisha na ukucha wa mkamuaji na tumbo la ndama.

Kutokana na mafundisho ya namna hii wanazuoni walitoa hukumu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameandika katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa sana na Mashafii wa Afrika Mashariki, kwamba mwenye mnyama haruhusiwi kukamua kiasi kitakachomdhuru mtoto wa mnyama huyo. Kulisha na kunywesha ni wajibu juu ya mmiliki. Akikataa, hakimu humlazimisha alishe, au auze, au achinje ikiwa ni mnyama wa kuliwa. Sheria ya nchi yetu nayo, yaani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama. Lakini Muislamu alikuwa na wajibu huo kabla ya sheria hiyo kutungwa.

Sasa tujitazame. Wapo wanaomfunga ndama mbali na mama yake usiku kucha, alfajiri wakakamua mpaka tone la mwisho, ndama akaachiwa kiwele kitupu. Akiwa ni ndama dume hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa huonekana hana faida. Zipo pia nyumba ambazo humwaga dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, kwa kudhani ni machafu. Elimu ya mifugo inatufundisha kwamba dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto wa mnyama, na kwamba anapaswa kuinyonya mapema, ndani ya saa chache tangu kuzaliwa, kwani baada ya hapo uwezo wa tumbo lake kuipokea kinga hiyo hupungua haraka. Na mwanambuzi aliyefiwa na mama asipewe uji wa mahindi kuwa badala ya maziwa. Tumbo lake changa haliuwezi. Apewe maziwa ya mbuzi mwingine au ya ng'ombe, yenye uvuguvugu, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku.

Allah (S.W.) ametutaka tuzingatie, katika aya ya 66 ya Surat An-Nahl, jinsi anavyotutolea maziwa safi kutoka matumboni mwao. Neema hiyo ni ya wawili. Tuchukue kilichozidi, na tuone haya kunywa haki ya mchanga.

Ukimwondoa mama, shika nafasi yake

Kifaranga hanyonyi, na wafugaji wengi huwatenga vifaranga ili kuku arudi kutaga upesi. Kufanya hivyo si kosa, lakini kuna sharti: aliyemwondoa mama amejitwika kazi za mama. Kuku huwapa wanawe joto, huwaonyesha chakula na maji, na huwakinga na mwewe na kunguru. Vifaranga huhitaji joto kwa wiki 3 hadi 4 za mwanzo. Ukiwaona wamerundikana wakilia, wanaona baridi, na ukiwaona wamejitenga pembeni wakihema, joto limezidi. Anayetumia jiko la mkaa asiliweke kamwe katika chumba kilichofungwa wanamolala watu, kwani hewa yake huua kimyakimya. Maji yawekwe katika chombo kifupi wasizame. Dagaa wa ziwani, pumba na mashudu ya pamba vinapatikana kwetu, lakini vifaranga wahitaji chakula chao maalumu, si makombo matupu. Na chanjo ya mdondo, ile ya kudondosha jichoni, irudiwe kila baada ya miezi 3, kwani ugonjwa huo ukiingia huweza kufagia banda zima kwa siku chache.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, kinyesi na mkojo wa wanyama ni najisi, hata wale wanaoliwa. Basi mkeka wa kusalia na nguo za ibada vitengwe na vifaranga, na watoto wazoezwe kunawa kwa sabuni kila watokapo bandani. Jirani naye ana haki ya kutokereka kwa harufu. Hiyo ni amana nyingine.

Watoto wafundishwe mapema kwamba kiumbe si mchezo. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Ibn Umar (R.A.) aliwapitia vijana waliomfunga kuku wakawa wanamlenga shabaha. Walipomwona walitawanyika, naye akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani anayefanya chenye roho kuwa shabaha.

"Huyu ni wako"

Tumekuja kwenye amana ya pili, ambayo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mzazi anapomwambia mtoto kuwa mwanambuzi ni wake, hana ila mojawapo ya mambo mawili: ama amekusudia kumpa, ama hakukusudia.

Ikiwa hakukusudia, basi na asikilize Hadithi ya Abdullah bin Amir (R.A.) aliyoipokea Abu Dawud. Alikuwa mtoto, mama yake akamwita akimwahidi kumpa kitu. Mtume (S.A.W.), aliyekuwa nyumbani mwao, akauliza alitaka kumpa nini. Akajibu, tende. Akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Ikiwa tende moja yaandikwa, mbuzi mzima aliyelelewa miezi 8 ataachwaje?

Na ikiwa alikusudia kweli, hiyo ni hiba, na mnyama ameingia katika mali ya mtoto. Wanazuoni wa Kishafii wamemruhusu mzazi kuirejea hiba yake kwa mwanawe maadamu ingali milkini mwa mtoto, lakini wamechukia afanye hivyo bila haja. Tena wakasema kwamba uzao uliokwisha kutengana na mnyama huyo hubaki kuwa wa mtoto. Kadhalika, asimpe mmoja akawaacha wengine, kwani Mtume (S.A.W.) alikataa kuishuhudia hiba ya Bashir kwa mwanawe Nu'man (R.A.) kwa kuwa hakuwapa watoto wake wote.

Yawezekana dhiki imebisha hodi, na mbuzi hana budi kuuzwa ili kaka anunuliwe dawa. Hilo halina lawama. Lawama ni kuuza kwa siri. Nabii Ibrahim (A.S.) alikuwa na amri ya Mola wake juu ya mwanawe, na juu ya hivyo, kama ilivyo katika Surat As-Saffat, aya ya 102, alimweleza kijana jambo lenyewe na akamtaka rai yake. Sisi ni nani hata tushindwe kukaa na mtoto jioni moja tukamweleza shida ya nyumba?

Wala tusiyadharau machozi yake. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (R.A.) habari ya ndugu yake mdogo, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Katika mapokezi ya Abu Dawud imeelezwa kuwa kindege hicho kilikufa, na Mtume (S.A.W.) alipoingia akamkuta mtoto ana huzuni. Mbora wa viumbe hakumcheka. Alimwita kwa heshima, kwa jina lake la kuniya kama mtu mzima, akamuuliza habari za kindege chake.

Siku ya kuchinja

Mbuzi ameumbwa pia aliwe, na mtoto wa Kiislamu anapaswa kulijua hilo tangu mwanzo. Aambiwe mapema yupi ni wa kufuga na yupi ni wa Idd. Ajue pia kwamba mwanambuzi wa masika haya hafai kwa udhhiya ya mwaka huu: kwa Mashafii mbuzi hutakiwa kutimiza miaka 2, na kwa madhehebu mengine mwaka 1. Siku ikifika, kisu kiwe kikali na kinolewe mbali na macho ya mnyama. Imam Izzuddin bin Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipohesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu alitaja kuwa mnyama asichinjiwe wanawe mbele yake. Na mtoto asiyetaka kutazama asilazimishwe.

Enyi wazazi wenzangu wa Igoma na kwingineko, mvua zijazo zitaleta wachanga wengine mabandani. Kabla hatujamwita mtoto na kumwambia kuwa huyu ni wake, tuulize nyoyo zetu kama tunakusudia tusemalo. Kama hatukusudii, tumwambie kweli: huyu ni wa nyumba, nawe utatusaidia kumlea. Atamlea kwa moyo uleule, na hatakuwa na la kutudai mbele ya Allah.

Tunamuomba Allah (S.W.) abariki mifugo yetu, azitie nyoyo za watoto wetu huruma, na atujaalie kuwa wakweli kwa wakubwa na wadogo. Amin. Wabillahi tawfiq.