Kupanua Taya la Juu: Husaidia Pumzi Lini, na Hubadilisha Sura Kiasi Gani?

Mtoto akikoroma, wengi wetu husema amelala fofofo. Mara nyingi sivyo. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, analala mdomo wazi, kisha anaamka amechoka na kusinzia darasani, huenda anahangaika usiku kucha kutafuta hewa. Mojawapo ya sababu ni taya la juu kuwa jembamba.

Mzazi akiambiwa kuwa taya la mwanawe linahitaji kupanuliwa, maswali huwa mawili: Je, atapumua vyema? Je, sura yake itabadilika? Makala haya yanajibu maswali hayo, na kueleza kwa nini umri ndio huamua kama mgonjwa atatumia kifaa kidogo mdomoni au ataingia chumba cha upasuaji.

Taya na pua vinahusiana vipi?

Kaakaa, yaani paa la kinywa, ndilo sakafu ya pua. Ni kama nyumba ya ghorofa: dari ya chini ndiyo sakafu ya juu. Taya la juu likiwa jembamba, kaakaa huinuka kama paa la msonge na njia ya hewa puani hubanwa. Ulimi hukosa nafasi ya kutulia juu, ukarudi nyuma kuelekea kooni. Meno husongamana, na mara nyingi magego ya juu hufunga ndani ya yale ya chini badala ya nje. Watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka, kisha wakashonwa, huathirika zaidi.

Kwa nini umri ni muhimu?

Taya la juu lina vipande viwili vya mfupa vinavyokutana katikati ya kaakaa. Utotoni, mshono huo bado haujashikana. Daktari bingwa wa kupanga meno hubandika kwenye magego kifaa chenye skurubu katikati. Mzazi huizungusha kwa ufunguo mdogo, kwa kawaida mara moja au mbili kwa siku, na kila mara taya hupanuka takriban robo milimita. Kazi hiyo huchukua wiki mbili au tatu. Baada ya hapo kifaa huachwa mdomoni kwa miezi kadhaa ili mfupa mpya uzibe nafasi iliyofunguka. Mbinu hii si ngeni: mwaka wa 1860, daktari wa meno Emerson Angell wa San Francisco, Marekani, alieleza jinsi alivyomtibu msichana wa miaka 14 kwa skurubu ya aina hiyo.

Kuanzia miaka ya ujana mshono huanza kushikana, ingawa watu hutofautiana. Kwa mtu mzima, kifaa pekee kinaweza kulaza meno upande na kuumiza ufizi badala ya kufungua mfupa. Wengine husaidiwa na kifaa kinachoshikiliwa na skurubu ndogo kwenye kaakaa. Wengine huhitaji upasuaji: mgonjwa hupewa nusukaputi, daktari hukata mfupa juu ya mizizi ya meno na katikati ya kaakaa, na baada ya siku chache kifaa huanza kuzungushwa. Upasuaji huo una hatari zake: kuvuja damu, maambukizi, ganzi ya mdomo wa juu, jino kuumia, au upande mmoja kupanuka kuliko mwingine.

Je, mgonjwa hupumua vyema?

Taya likipanuka, sakafu ya pua nayo hupanuka, na hewa hupita kwa urahisi zaidi. Kwa baadhi ya watoto wenye taya jembamba, kukoroma na pumzi kukatika usingizini hupungua.

Hata hivyo, matibabu haya humfaa tu yule ambaye tatizo lake ni taya. Kwa watoto, sababu ya kawaida zaidi ya pumzi kukatika usingizini ni mafindo ya koo na nyama za nyuma ya pua zilizovimba, na hizo hutibiwa na daktari wa masikio, pua na koo. Kwa watu wazima, unene na pombe huchangia sana. Wengi wao husaidiwa na kupunguza uzani au mashine ya kusukuma hewa wakiwa wamelala. Kupanua taya pekee si tiba ya uhakika kwao. Dereva wa lori au bodaboda anayesinzia kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye asingoje: apimwe, maana usingizi huo unaweza kuua yeye na wengine.

Na sura je?

Badiliko linaloonekana kwanza ni mwanya kati ya meno mawili ya mbele. Usiogope: ni dalili kuwa mfupa umefunguka. Mwanya huo hujifunga polepole au kwa kuvalishwa vyuma vya meno. Tabasamu huonekana pana kidogo, na chini ya pua panaweza kupanuka kwa milimita chache. Wakati wa upasuaji, daktari anaweza kushona mshono wa kupunguza upanuzi huo wa pua. Uvimbe wa wiki za kwanza si matokeo ya mwisho.

Zaidi ya hapo, tofauti huwa ndogo. Anayekuahidi uso mpya kwa kupanua taya anakuuzia ndoto.

Ufanye nini?

• Mtazame mtoto akilala. Mrekodi kwa simu dakika chache umwonyeshe daktari.
• Anza katika kituo cha afya kilicho karibu, au kliniki ya meno ya hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma. Anayehitaji daktari bingwa anaweza kuelekezwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.
• Usingoje meno yote ya utotoni yang'oke. Akiwa na miaka saba hivi, daktari anaweza kuona kama taya ni jembamba.
• Uliza: Chanzo ni taya kweli? Koo na pua vimepimwa? Kuna njia isiyo ya upasuaji? Gharama yote ni kiasi gani, na SHA italipa nini?
• Hakikisha daktari ana leseni ya mwaka huu ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC).
• Mtoto akigeuka buluu midomoni au akishindwa kuvuta pumzi, mkimbize hospitalini mara moja, hata kama ni usiku wa manane.