Yai, Nta na Siki: Maabara Ndani ya Sufuria

Wanafunzi wengi hukariri tofauti baina ya badiliko la kimaumbile na badiliko la kikemia bila kuliona hata moja. Shule isiyo na maabara yaweza kuyaonyesha yote mawili kwa yai moja.

Yai lichemshwe hadi liive. Ute huanza kuganda panapo nyuzi 62 hivi za sentigredi, na kiini baadaye kidogo. Molekuli za protini, zilizokuwa zimejikunja, hukunjuka na kushikamana. Yai likipoa, halirudi kuwa bichi. Hilo ni badiliko la kikemia.

Yai lililopoa lichorwe maua kwa nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Nta hiyo huganda tena ikawa nta ile ile. Hilo ni badiliko la kimaumbile.

Kisha yai litumbukizwe katika siki kwa saa chache. Ganda, ambalo sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, huliwa na asidi, na mapovu ya kabonidayoksaidi hupanda. Palipofunikwa na nta husalimika. Nta ikikwanguliwa, maua huonekana yametuna.

Mwalimu asitangulize jibu. Aulize kwanza: kwa nini maua yamebaki? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo hatakuwa na haja ya kukariri.