Soo kwa Kila Mlima

Ukiingia Eastleigh useme "niletee Kangeta," unauziwa kilo ya veve imefungwa kwa majani ya mgomba. Wasee wengi hawajuangi Kangeta ni mahali, ati kuna watu wanalalanga huku, na mmoja wao amenunua baiskeli ya milima. Huyo msee ni mimi.

Huku kwetu Igembe barabara ni ya mbio. Veve ikinyauka bei imedead, ndio unaona pikapu zikitoka Maua ni kama zimeibwa. Sasa wewe onekana asubuhi ukipanda kuelekea Maua na baiskeli, jasho hadi kwa soksi, na huendi shamba. Base nzima inajua umeshikwa.

"Hii mateso ni ya nini?" boda mmoja akaniuliza.

Nikamshow kuna resi inaitwa 10to4, ya Mount Kenya Trust. Jina ni hesabu ya mlima: toka futi 10,000 kwa msitu wa Mlima Kenya, shuka hadi 4,000 kwa nyika.

"Ukishinda unapewa ngapi?"

"Mimi ndio natoa."

"Unalipa ndio uteseke?"

Base ikavunjika mbavu. Lakini huyu huyu mwezi jana alitoa ngiri kwa harambee ya karo ya mtoto hata hawajuani, na hakuuliza nani alishinda. Nikamwambia hii pia ni harambee, sema badala ya kukaa kwa hema ukingoja chai, mchango unaukanyagia pedali.

Na doh inaenda wapi? Trust iko na kikosi ya farasi inapiga doria msituni. Ilikuwa pia kati ya wale walitengenezea ndovu njia ya kutoka mlimani hadi msitu wa Ngare Ndare. Ukienda Nanyuki toka Meru, mathree inapita juu, ndovu anapita chini ya lami. Dume anaitwa Tony ndiye alifungua hiyo njia tarehe 1 Januari 2011. Ndovu akikosa njia yake anapitia kwa shamba yako, na hapo mahindi umesahau.

Halafu usichezwe na hiyo ten to four ukidhani ni kuteleza. Mlima umejaa mabonde, na kila bonde ukilishuka linakudai kupanda. Ndio maana nafanyia zoezi hii mlima ya Maua.

Boda akafikiria, akatema majani. "Sawa. Soo kwa kila mlima. Ukishuka usukume, hesabu imekufa."

Kesho yake nikamskia nyuma yangu, injini ikilia pole pole. Kwa kona ya mwisho miguu ikagoma. Pikapu ya veve ikanipita, ikaniachia vumbi na honi.

"Shuka tu, brathe," akasema. "Hiyo soo nimeimiss."

Sikushuka.