Kuifanya picha ya simu ionekane kama picha ya karatasi



Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja alichukua picha ya bibi yake iliyokuwa kwenye simu, akaitengeneza kwenye kompyuta ionekane ya zamani. Aliitia rangi ya kahawia, akaichorea nyufa na madoa, kisha akamtumia bibi mwenyewe huko Tanga. Bibi alicheka sana, akajibu kwa sauti: "Mjukuu wangu, mbona umenizeesha kuliko mama yangu? Picha zetu hazikuwa na rangi ya chai!"

Bibi alisema kweli. Ukitaka picha yako ifanane na picha halisi ya karatasi, lazima kwanza ujue picha hizo zilikuwaje. Wengi wetu hapa Sydney albamu zetu zilibaki nyumbani, na watoto wamezoea picha za kwenye kioo cha simu tu. Kwa hiyo tuanze na historia kidogo, ndipo twende kwenye kompyuta.

Picha za wazee wetu

Ukifika Mji Mkongwe, Zanzibar, katika Barabara ya Kenyatta, utakuta studio iitwayo Capital Art Studio. Ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Picha zake maarufu za mji na watu wake ni nyeusi na nyeupe. Hivyo ndivyo zilivyokuwa picha nyingi za familia za Pwani hadi miaka ya 1960.

Siku hizo filamu ilipelekwa studio "kusafishwa", na nchini Kenya wengine husema "kuoshwa". Si kwa sababu picha ilikuwa chafu. Karatasi ilipitishwa kwenye dawa ndani ya chumba cha giza, kisha ikaoshwa kwa maji na kuanikwa. Muulize babu au nyanya, atakusimulia jinsi mtu alivyoweza kungoja siku kadhaa kabla ya kuiona sura yake.

Basi chagua rangi kwa kufuata umri wa picha unayotaka kuiga. Rangi ya kahawia inafaa picha za karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Miaka ya 1950 na 1960 iache nyeusi na nyeupe. Miaka ya 1970 na 1980 itie rangi zilizofifia, zenye wekundu kidogo. Wekundu huo una sababu yake: picha ya rangi ina rangi tatu zilizopangwa kwa matabaka, nazo ni njano, waridi iliyokolea na buluu ya maji. Katika karatasi nyingi za wakati ule, ile ya buluu ndiyo iliyofifia upesi, hata picha ikiwa imefungiwa ndani ya albamu.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Tutatumia GIMP, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Programu nyingine za picha nazo zina vifaa kama hivi.

1. Pata picha nzuri. Ndugu akikutumia kwa WhatsApp, mwombe aitume kama hati, si kama picha ya kawaida, kwa sababu picha za kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Kama unayo ya karatasi, iskani. Maktaba nyingi za halmashauri hapa Sydney zina skana.

2. Tengeneza nakala. Fanya kazi kwenye nakala tu, faili la asili usiliguse. Hatua hii usiiruke hata ukiwa na haraka.

3. Kata kwa ukubwa wa kweli. Ukubwa wa kawaida kwenye maduka ya kuchapisha picha ni inchi 4 kwa 6, karibu sentimita 10 kwa 15. Kwa pikseli 300 kila inchi, faili lako liwe pikseli 1,200 kwa 1,800.

4. Legeza weusi na weupe. Wengi hukosea hapa. Kwenye kioo cha simu weusi ni mweusi kabisa na weupe unawaka. Karatasi haiwezi hivyo: weusi wake ni wa kijivu kizito, na weupe wake ni kama maziwa. Fungua menyu ya rangi, chagua kifaa cha mstari uliopinda, kisha inua kidogo ncha ya giza na ushushe kidogo ncha ya mwanga. Utaona picha inatulia mara moja.

5. Tia chembe. Filamu ilikuwa na chembechembe ndogo. Ongeza tabaka jipya juu ya picha, ulijaze chembe, kisha ulififishe mpaka zionekane kwa shida. Chembe zikionekana ukiwa mbali na kioo, umezidisha.

6. Weka ukingo. Picha nyingi za zamani zilikuwa na ukingo mweupe pande zote. Acha milimita 5, yaani pikseli 60 hivi, ndani ya zile 1,200 kwa 1,800. Usitumie weupe mtupu. Tia unjano kidogo, kama pembe ya ndovu. Ukitaka picha ya mtindo wa miaka ya 1950, kata kingo ziwe na mawimbi madogo.

7. Malizia kwa kivuli. Weka picha juu ya tabaka lenye meza ya mbao au mkeka, kisha uitie kivuli. Amua kwanza mwanga unatoka upande gani. Kivuli kiangukie upande wa pili, kiwe laini, tena kisiwe cheusi sana. Picha za zamani za karatasi hupenda kujikunja kuelekea upande wa sura, kwa sababu jelatini iliyobeba picha husinyaa ikikauka. Kwa hiyo ukiinua pembe moja ya picha, kivuli chake hapo kiwe kipana na chepesi zaidi. Mahali karatasi inapogusa meza, kivuli kiwe chembamba na kizito.

Angalizo: hatua ya 7 ni ya picha itakayotazamwa kwenye kioo tu. Ukienda kuichapisha, acha kivuli. Karatasi ya kweli itatoa kivuli chake yenyewe ukutani.

Je, huku si kudanganya?

Swali hili aliuliza mtoto wa darasa la pili, na ni swali la mtu mzima. Kuchezea picha si jambo geni kwetu. Huko Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alijulikana kwa picha za kuunganisha, akikata na kupanga upya kwa mikono, zamani kabla ya kompyuta. Aliyeitazama alijua kuwa ni ufundi.

Udanganyifu huanza pale mtazamaji asipojua. Picha ya mwaka huu ikivishwa sura ya mwaka 1955, kisha ikazunguka kwenye simu za ukoo bila maelezo, baada ya miaka 20 nani atajua ukweli? Mjukuu atasimulia habari ambazo hazikutokea. Nasi tulio mbali na nyumbani, wazee waliokuwapo wanazidi kupungua, na hatuna wengine wa kuwauliza.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, usichore nyufa na madoa usoni mwa mtu. Uso wa bibi si ukuta. Pili, omba ruhusa ya mwenye picha. Tatu, iwapo utaichapisha, andika nyuma kwa penseli: nani yumo, wapi, lini ilipigwa, na kwamba imetengenezwa kwenye kompyuta. Maelezo hayo hayo yaweke kwenye jina la faili.

Yule mwanafunzi wetu aliitengeneza picha upya, safari hii nyeusi na nyeupe, yenye ukingo na bila nyufa. Bibi alipoiona hakucheka. Alianza kutaja majina ya wote waliosimama nyuma yake, na mama mtu akakaa chini kuyaandika. Wawili kati yao hakuna aliyekuwa akiwajua hapa Sydney.

Maneno ya wiki

Skani: kunakili picha ya karatasi iingie kwenye kompyuta.
Tabaka: kitu kilicholala juu ya kingine, kama karatasi juu ya karatasi.
Ukingo: mwisho wa kitu pembeni; zikiwa nyingi ni kingo.
Kufifia: kupungua rangi au mwanga.

Jumamosi ijayo kila mmoja aje na picha moja ya nyumbani na majina ya waliomo. Usiyemjua, mpigie simu bibi, nyanya au babu kabla ya kuja. Na usisahau kuanza na shikamoo.