Kituo cha Chaji Kando ya Mashine ya Kusaga

Ukitaja kituo cha kuchaji vyombo vya umeme, wengi hufikiria magari yaliyopangwa kwenye maegesho ya jiji. Katika kata kama Nyambureti, wilayani Serengeti, chombo cha kufikiria kwanza ni pikipiki. Ndiyo inayobeba abiria, magunia na wagonjwa, na mara nyingi petroli yake hununuliwa kwa chupa kando ya barabara.

Betri ya bodaboda ya umeme hubeba uniti 3 hivi, zinazotosha kilomita 70 hadi 80 kwenye barabara nzuri. Kwenye vilima na tope la masika, punguza. Kwa kuwa umeme kidogo hupotea wakati wa kuchaji, hesabu uniti 3 na nusu. Kwa bei ya TANESCO ya matumizi ya kawaida, takribani sh 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama sh 1,250. Mwendo huohuo hula lita moja na nusu ya petroli au zaidi.

Kikwazo kiko kwenye waya. Transfoma nyingi za vijijini ni ndogo, nyingine za kVA 50. Chaja ya haraka ya gari huweza kuvuta kilowati 50 peke yake; iwashe, na kitongoji kizima hakibakiwi na kitu. Kisha kuna umbali. Nyumba iliyo mwisho wa laini hupata umeme hafifu, hasa jioni taa na televisheni zinapowashwa pamoja. Chaja nyingi za kisasa hujitahidi kudumisha nguvu ileile, hivyo volti zikishuka huvuta ampea zaidi, waya hupata joto, na volti huzidi kushuka. Jirani ndiye anayeona taa yake ikififia.

Kigali ilichukua njia nyingine. Tangu 2019 kampuni ya Ampersand hubadilisha betri: mwendeshaji huacha iliyoisha, huchukua iliyojaa, anaondoka. Mpango huo unapendeza, lakini unadai betri nyingi kuliko pikipiki, na waendeshaji waliosongamana mjini ili betri zisikae bure. Kijijini mtaji huo ungelala.

Mimi ningeanzia kwenye mashine ya kusaga. Palipofika umeme wa njia tatu, mwenye mashine tayari ana laini nene kuliko nyumba zote zinazomzunguka. Mota ya kilowati 15 hunguruma mchana. Usiku waya ule umelala. Betri 15 zikichajiwa pamoja, kila moja kwa wati 700, hazifikishi kilowati 11. Zikianza saa 5 usiku, majirani wakiwa wamezima taa, zinajaa saa 10 alfajiri.

Mwenye mashine anahitaji fundi mwenye leseni, waya wa ardhi uliopimwa, swichi inayojizima yenyewe kwa kila soketi, na mita ndogo ili kila mwendeshaji alipie uniti zake. Betri zikae juu ya sakafu ya saruji, penye hewa, mbali na magunia na pumba, maana vumbi la unga hushika moto upesi. Zaidi ya hapo anahitaji mlango wenye kufuli na mlinzi, na huyo wa pili wenye mashine wengi wanaye tayari.